Nyundo ya Kuazima

Mimi ni seremala. Nyundo ninazo tatu:
ya misumari midogo, ya misumari mikubwa,
na ya marehemu baba, mpini umeng'aa kwa jasho lake.
Nalitaja hili mapema mjue
kwamba usiku ule nilidanganya.

Hapa Majengo, Goma, nyumba zetu ni za mbao.
Chini ni mawe ya volkano, msingi hauchimbiki,
basi tunasimamisha nguzo, tunapigilia, tunaezeka mabati,
na jioni kila mtu ana kwake.
Ukuta kati yangu na Paluku niliupiga mwenyewe.
Alitaka mbao za bei nafuu, nikampa nyembamba.
Ubao mwembamba unaficha mwili;
sauti unaipitisha yote.

Miaka mitatu nilisikia.
Kwanza sufuria. Halafu kiti.
Halafu ule mlio usiofanana na kitu,
halafu Kavugho akiwaambia watoto, kwa sauti ya kawaida kabisa,
"Laleni, nimejikwaa."
Nikaongeza redio.
Mke wangu akaniangalia. Nikasema: mambo ya nyumba ya watu.
Akageukia ukutani. Hakunijibu siku ile wala kesho yake.

Sisi mlima tunaujua kuusoma:
moshi ukibadilika rangi, vikombe vikitetemeka kabatini,
tunafunga mizigo, hakuna anayedai ushahidi.
Nyumba ya jirani ikitetemeka
tunangoja damu.

Jumamosi moja, bombani, foleni ya bidoni za manjano,
nikamwona mwanangu Kasereka, miaka kumi na minne,
amemshika mkono Masika, binti wa fundi viatu.
Anamvuta, anacheka, wenzake wanacheka.
Masika hacheki.
"Niache," anasema. "Nimesema niache."
Na mwanangu akajibu kwa maneno niliyoyajua,
neno kwa neno, na mkazo wake, maneno ya Paluku:
"Wewe utaniambia nini?"

Ubao mwembamba.
Kitanda chake kiko upande ule.

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka.
Nikauona uko juu. Nikaushusha.
Tukabeba bidoni ya Masika hadi kwao, njia nzima kimya.
Mlangoni akapokea maji yake, akamwambia mwanangu, si mimi:
"Siku nyingine usikie ile ya kwanza."

Usiku huohuo sufuria ikaanguka.
Nikavaa kandambili, nikabisha hodi.
"Nani?"
"Jirani. Naomba kuazima nyundo."
Pakawa kimya. Seremala, usiku wote huo, anaomba nyundo!
Akafungua, uso umelowa jasho.
Nikasimama pale. Nikazungumzia mvua, bei ya sambaza,
nikasema bati lake lina tundu. Nilisema chochote.
Nyuma yake Kavugho akainua kiti, akakaa, akapumua.
Paluku akaniletea nyundo, mpini umepasuka.
Nikamwambia: "Ukuta huu niliupiga mimi. Nakusikia."
Nikaondoka, magoti yakinigongana.

Sasa kwenye avenyu yetu watu wanaazima ovyo.
Mama Tulinabo anakwenda kuomba chumvi usiku wa manane,
na kwake kuna mfuko mzima.
Kijana wa chukudu anaulizia kiberiti, sigara havuti.
Katungu, binti mkubwa wa Kavugho, ana milango mitano ya kugonga,
na namba ya muuguzi wa zahanati
ameiandika ndani ya jalada la daftari la hesabu.
Kasereka kitanda nimemhamishia upande mwingine.
Moyoni mwake kuna nini sijui.
Namuuliza; ananijibu nusu. Namuuliza tena.

Wiki mbili sasa, ng'ambo ya ukuta, kimya.
Nacho kimya nimejifunza kutokiamini:
kuna kimya cha watu wanaokula ugali wao,
na kuna kimya cha kiganja juu ya mdomo.
Kwa ubao, havitofautiani.

Kwa hiyo leo, kabla ya kuzima taa,
nimevaa kandambili zangu.
Nyundo ya Paluku bado ninayo, mpini nimeutengeneza.
Naenda kuirudisha.
Kesho nitaiazima tena.